Kati ya Nukta na Nukta

Si mara moja wala mbili tumemwona mzazi akilifungua daftari la hisabati la mwanawe, akaitazama mistari iliyopindapinda juu ya karatasi ya miraba, kisha akalifunga upesi kama mtu aliyeingia chumba kisichokuwa chake. Humwambia mtoto, "Hayo yako na mwalimu wako." Hatumlaumu. Wengi wetu tulisoma hisabati kwa hofu, na hofu ile ikatuachia itikadi kwamba somo hili ni la wachache waliozaliwa nalo. Sisi tumelisomesha kwa miaka mingi katika shule za sekondari za Tanga, na leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wazazi kwa vijana, habari ya mlango mmoja tu wa somo hilo, nao ni ule wa fankisheni na grafu zake. Na kwa kuwa habari hiyo haiwezi kusemwa kwa haki pasipo kukiri kosa letu wenyewe, tutaanza na kosa.

Ilikuwa mwaka 2006. Darasa letu la Kidato cha Tatu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60, na karatasi za grafu zilikuwa haba hata wanafunzi wawili wakishirikiana moja. Tuliandika ubaoni y = x² – 4x + 3, tukachora jedwali, tukaamuru: "Tieni thamani za x tangu –1 mpaka 5, tafuteni y, wekeni nukta, unganisheni." Ndivyo tulivyosomeshwa, na ndivyo tulivyosomesha. Zikapatikana thamani 7: 8, 3, 0, –1, 0, 3, 8. Tukaanza kupita baina ya madawati na kalamu nyekundu mkononi.

Tukafika kwa binti mmoja aliyekaa nyuma, karibu na dirisha. Mama yake alikuwa mtu wa kwenda mwambani kutafuta pweza kila maji ya bamvua yanapokupwa, na siku nyingine binti huyo alichelewa shule kwa kumsaidia. Nukta zake zote zilikuwa sawasawa, lakini alikuwa ameziunganisha kwa rula, nukta kwa nukta, hata umbo lake likawa na pembe kama ubao uliokatwa kwa msumeno. Tukapiga mstari mwekundu. Akainua uso akauliza kwa Kiswahili, kwa maana Kiingereza hakikumtosha kwa swali hilo, "Mwalimu, hapa kati ya nukta na nukta kuna nini?"

Tukamjibu, "Unganisha kwa mkono, usitumie rula. Na uliza kwa Kiingereza." Darasa likacheka. Binti yule akainama, na tangu siku ile hakutuuliza tena swali lolote hata akamaliza shule.

Msomaji aweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Walakini swali lile lilikuwa kubwa kupita maswali yote tuliyoulizwa mwaka ule. Kwa haki gani mtu mwenye nukta 7 tu huchora mstari wenye nukta zisizo na idadi? Nani aliyemwambia kwamba fomula ikitoka 0 na kwenda –1 hupita njia ile na si nyingine? Sisi wenyewe tulikuwa hatujapata kujiuliza. Hatukuwa na jibu, na kukosa jibu ndiko kulikotufanya wakali. Twadhani walimu wengi watatuelewa hapa, ingawa si wengi watakaopenda kusema.

Binti yule alifanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2007 na katika hisabati akapata F. Hakuwa peke yake. Yajulikana nchini kwetu kwamba matokeo ya mtihani huo yakitoka, hisabati aghalabu ndilo somo linaloangusha watu wengi kuliko mengine, na mwalimu hujificha ndani ya wingi huo kama mtu ajifichaye sokoni. Sisi tulijificha miaka 11.

Mwezi wa Disemba 2018, shule zimefungwa, jioni moja tukasikia hodi. Tulimtambua kwa uso kabla ya jina. Alikuwa sasa mfanyabiashara wa samaki, anunua pweza kwa akina mama wa mwambani na kuwauza mjini. Aliongozana na mdogo wake wa kike aliyekuwa akingojea kuingia Kidato cha Tatu. Baada ya shikamoo na marahaba, na kuulizana habari za watu wa nyumbani, akaeleza alilolijia: ataka mdogo wake apate masomo ya ziada ya hisabati. Tukasema, "Haya, mlete kesho saa 4 asubuhi."

Akatikisa kichwa. "Kesho saa 4 uniwie radhi, Mwalimu. Leo maji yamekupwa saa 4 kasoro robo, kesho yatakupwa saa 4 u nusu, nami sharti niwe pwani akina mama wanapopanda na mzigo. Nitamleta Jumatano. Jumatano maji yatakupwa baada ya adhuhuri, asubuhi nina nafasi." Hakutazama karatasi wala simu. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, na alikuwa amezihesabu siku tano mbele kwa muda wa kufumba na kufumbua.

Alipokwisha kuaga, amekwisha vaa viatu, akageuka akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu naye ni mtu wa kuuliza maswali. Akikuuliza, nakuomba umjibu." Hakutaja mwaka 2006, wala hapakuwa na haja ya kuutaja.

Usiku ule tulikaa na daftari. Lile alilolifanya mlangoni petu, la kuitoa saa ya maji kupwa kutokana na siku, ndilo tulilokuwa tukijaribu kuwafundisha watoto wa Kidato cha Tatu kwa miaka yote ile, tukishindwa. Alikuwa nalo kabla hajaingia darasani kwetu. Sisi ndio tuliomfanya adhani kwamba hana.

Sharti tuseme kidogo juu ya neno lenyewe, kwani shida huanzia hapo. Mtoto wa Tanzania husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha akiingia sekondari hukuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Na neno fankisheni, kwa Kiingereza cha mtaani kwetu, ni hafla. Mwaka mmoja tuliuliza darasani maana yake, mwanafunzi mmoja akasimama kwa adabu akasema ni harusi yenye kadi za mialiko. Wenzake wakacheka, na zamani tungalicheka nao. Siku hizi twamshukuru, kwa maana harusi ile imetufaa kuliko kitabu. Fikiri wageni na mahali pao pa kukaa. Kila mgeni aliyealikwa hupata mahali pa kukaa, hapana anayeachwa amesimama. Tena mgeni mmoja hakai mahali pawili kwa wakati mmoja. Lakini mkeka mmoja waweza kukaliwa na wageni wawili au kumi, wala si aibu. Hiyo ndiyo fankisheni: kila kinachoingia kina jibu, na jibu lake ni moja tu, ingawa vitu viwili vyaweza kuwa na jibu moja. Mtoto akiushika mkeka huo, hatumwoni tena akihangaika na yale maneno marefu ya kitabuni.

Ama grafu ni picha ya mpango huo mzima, inayotazamwa kwa jicho mara moja. Jedwali hukueleza wageni mmoja mmoja, lakini grafu hukuonyesha ukumbi.

Basi mwaka 2019 tukaanza upya, na tukaanzia baharini. Tuliwatuma wanafunzi wakaao karibu na pwani wapime kina cha maji penye nguzo ya gati, kila baada ya saa moja, tangu asubuhi mpaka jioni, siku ya bamvua. Pwani yetu ina bahati katika jambo hili, kwani tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, hata asiye na kipimo huiona. Walipoziweka nukta zao ubaoni, jambo la kwanza walilolisema wenyewe ni kwamba maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana kanuni yao ya kukadiria: igawe tofauti yote mafungu 12, na katika saa sita za kupwa maji yatashuka fungu 1, kisha 2, kisha 3, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Kama tofauti ni mita 3, hizo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Mwanzo polepole, katikati mbio, mwisho polepole. Ukiziunganisha nukta hizo kwa rula, rula yasema uongo, kwa maana yaonyesha bahari inayobadili mwendo kwa kishindo kila saa inapogonga. Bahari haifanyi hivyo. Kati ya saa 2 na saa 3 maji yalikuwapo, na yalipita kila kimo kilicho baina, bila ya kuruka hata kimoja. Basi mkono unaopinda mstari una haki yake, na haki hiyo hutoka kwenye bahari.

Mdogo wa yule binti, ambaye dada yake hakukosea kumsifu kwa maswali, akauliza: "Je, kila kitu huwa hivyo, Mwalimu?" Safari hii tulikuwa tayari. Tukamwambia atazame ada za kutuma fedha kwa simu. Tangu kiasi hiki mpaka kiasi kile ada ni ile ile, kisha ukizidisha shilingi moja tu huruka juu. Grafu yake ni ngazi, na atakayeiunganisha kwa mkono mlaini ataonyesha ada ambazo hazipo. Kwa hiyo swali la kuna nini kati ya nukta na nukta haliwezi kujibiwa na kalamu. Hujibiwa na kitu chenyewe kinachochorwa.

Na jibu la y = x² – 4x + 3? Tulilileta darasani mwaka ule, miaka 13 baada ya kuulizwa. Iulize fomula yenyewe. Pale x ni 1, y ni 0, na pale x ni 2, y ni –1. Rula yadai kwamba penye 1.5, y itakuwa –0.5. Lakini tia 1.5 katika fomula: 2.25 toa 6, ongeza 3, hupata –0.75. Nukta imekaa chini ya rula. Tia 1.25, utapata –0.4375, nako rula ilidai –0.25. Kila utakapouliza kati, fomula itakujibu, na majibu yake yatakaa chini ya rula daima, yakizidi kusongamana hata mstari ulioinama ujitokeze wenyewe. Kazi hiyo yataka dakika kumi. Dakika kumi hizo ndizo tulizomnyima mtoto wa watu.

Lipo jambo jingine ambalo kila mwalimu wa somo hili analijua kuwa ni mwiba. Mwanafunzi huambiwa kwamba grafu ya (x – 3)² ni ile ya x² iliyosogezwa kulia hatua 3. Huuliza: mbona ni kutoa, nayo yaenda kulia? Kutoa si kurudi nyuma? Zamani tulimwambia akariri. Bahari imetuondolea mwiba huo. Maji ya kesho ni kama maji ya leo yaliyochelewa, kwa kukadiria, dakika 50. Ukitaka kujua kina cha maji kesho saa 4 asubuhi, utatazama wapi katika grafu ya leo? Utatazama dakika 50 nyuma, yaani saa 3 na dakika 10. Kuchelewa kunaisogeza picha kulia, na anayetaka kuisoma picha iliyochelewa sharti arudi nyuma kwa kiasi kile kile. Ndipo ilipotoka ile alama ya kutoa. Tulipolieleza hivyo, kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alijipiga paji la uso akasema, "Kumbe!" Tumesomesha miaka mingi na neno hilo hatulisikii mara kwa mara.

Baada ya bahari tukaingia nyumbani. Katika nyumba zetu nyingi imetundikwa ukutani ratiba ya nyakati za sala za mwaka mzima, tarehe baada ya tarehe. Watoto huitazama kila siku na hawajui kwamba ni jedwali la fankisheni. Kila tarehe ina adhuhuri moja tu. Tukawaambia wachukue tarehe 1, 11 na 21 za kila mwezi, ndizo nukta 36, na wachore saa ya adhuhuri. Ratiba nyingine huongeza dakika chache kwa tahadhari, haidhuru, kwani umbo halibadiliki.

Wengi walitazamia kuona mstari ulionyooka, maana huku kwetu karibu na ikweta twadhani jua halina tabia ya kubadilika. Ukatokea mstari wenye vilima viwili na mabonde mawili, wala havilingani. Kilima kikubwa ni katikati ya Februari, adhuhuri inapofika karibu saa 6 na dakika 38. Bonde dogo ni katikati ya Mei, dakika 20. Kilima kidogo ni mwishoni mwa Julai, dakika 30. Na bonde kubwa ni mwanzoni mwa Novemba, yapata dakika 8 tu baada ya saa 6. Nusu saa nzima ya tofauti, ukutani mwetu miaka yote, na hatukupata kuiona kwa kuwa tulikuwa tukiisoma tarehe moja moja.

Darasa likataka sababu, nasi tulifurahi kuliko tuwezavyo kusema, kwani sababu yenyewe ni somo la kujumlisha fankisheni mbili. Ya kwanza ni kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa karibu zaidi na jua na huenda kwa kasi zaidi. Jambo hilo huichelewesha na kuiwahisha adhuhuri kwa wimbi moja kwa mwaka, dakika karibu 8 juu na 8 chini. Ya pili ni kwamba mhimili wa dunia umeinama digrii 23 na nusu hivi, na jambo hilo hutoa wimbi jingine, dakika karibu 10 juu na chini, nalo hupanda na kushuka mara mbili kwa mwaka. Chora mawimbi yote mawili juu ya karatasi moja, kisha jumlisha urefu wao tarehe kwa tarehe. Februari yote mawili yako juu, na kilima ni kikubwa. Novemba yote mawili yako chini, na bonde ni kubwa. Mei na Julai moja lapanda jingine lashuka, yapunguzana, na hubakia kilima kidogo na bonde dogo. Wanafunzi waliifanya hesabu hiyo kwa penseli za rangi mbili, na picha iliyotoka ikafanana na ya ratiba kama mtoto na mzaziwe.

Katikati ya mawimbi hayo ni saa 6 na dakika 24. Kwa nini 24? Saa zetu za Afrika Mashariki zafuata longitudo ya digrii 45, na Tanga iko karibu digrii 39. Digrii 6 zimebaki, na kila digrii ni dakika 4. Mtu wa Kigoma, aliye karibu na digrii 30, ana grafu ile ile yenye vilima vile vile, ila imepandishwa juu dakika 38 hivi. Kuongeza namba nje ya fankisheni huinua picha nzima bila ya kuipinda, na hapana mwanafunzi aliye na shangazi Kigoma atakayelisahau hilo.

Kisha tukaligeuza swali. Ukijua tarehe, wajua adhuhuri. Je, ukijua adhuhuri, wajua tarehe? Walipiga mstari wa mlalo penye dakika 24, ukakata grafu mara nne: yapata tarehe 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Disemba. Wageni wanne juu ya mkeka mmoja. Swali lililogeuzwa halina jibu moja, kwa hiyo si fankisheni. Jambo hilo kitabuni limeandikwa kwa mistari sita migumu.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kama haya yote yameletwa na Wazungu. Hatukutaka kujibu kwa majivuno, kwani kujisifia mababu hakumpi mtoto alama hata moja katika mtihani. Lakini kweli ni kweli. Tulimweleza habari ya Sharaf al-Din al-Tusi wa karne ya 12 (asichanganywe na Nasir al-Din al-Tusi aliyekuja baada yake). Katika milinganyo ya daraja la tatu, mtu huyu hakuridhika kutafuta jibu tu, alitaka kujua kwanza kama jibu lipo. Chukua mfano wa x² mara (6 – x). Penye 1 hutoa 5, penye 2 hutoa 16, penye 3 hutoa 27, penye 4 hutoa 32, penye 5 hutoa 25, penye 6 hutoa 0. Kilima chake ni 32. Basi akija mtu ataka itoe 40, mwambie arudi nyumbani, hapana namba baina ya 0 na 6 itakayompa. Akitaka 32, ipo moja. Akitaka 20, zipo mbili, moja kila upande wa kilima. Al-Tusi alijua mahali pa kilima, yaani theluthi mbili za ile 6. Hakuwa na karatasi ya miraba wala mihimili kama yetu. Kuufunga mlinganyo na mchoro pamoja kulienea kwa kitabu cha Descartes cha mwaka 1637, na neno fankisheni likaingia katika hisabati kwa Leibniz mwaka 1673, na ile alama ya f(x) ikaja na Euler mwaka 1734. Kila mmoja ametia jiwe lake.

Hatutaki wasomaji wetu wadhani kwamba bahari na ratiba zimemfaulisha kila mtu. Wapo waliochora vilima vizuri na mtihani ukawashinda, kwa kuwa mtihani una haraka yake na Kiingereza chake. Na wapo walimu wenzetu waliotuambia, nao wana hoja, kwamba muhula ni mfupi na mada ni nyingi, na anayekwenda pwani kupima maji hatamaliza silabasi. Mwaka ule kweli hatukuimaliza yote kwa wakati, na ilitubidi kusomesha Jumamosi nne za mfululizo, kwa manung'uniko ya watoto na ya nyumbani kwetu pia.

Disemba 2019 tulialikwa chakula nyumbani kwa binti yule, wali na pweza wa nazi, na tulipoingia tukaona ile grafu ya adhuhuri imebandikwa ukutani kando ya ratiba. Mdogo wake alikuwa amemweleza dada yake vilima na mabonde, na mawimbi mawili, na Kigoma. Dada alikuwa bado na mwiko mkononi. Akaisogelea karatasi, akaitazama kwa muda, kisha akaweka kidole baina ya tarehe 11 na 21 za mwezi wa Juni.

"Na hapa kati?" akauliza, na hakututazama sisi, alimtazama mdogo wake.

Mtoto akatoa ratiba msumarini, akafunua ukurasa wa Juni, akaanza kumsomea: tarehe 12, tarehe 13, tarehe 14.